Mibuni ya Waitara

Waisiko alikwanyua jani la mwisho, akalitia guniani. Siku nne, mibuni mia mbili, mikono miwili tu. Vidole vilichubuka hata kushika kijiko ikawa taabu. Alikuwa ameambua ngozi ya jani moja penye doa la kahawia. Chini yake funza mweupe, mdogo kuliko punje ya ulezi, alikuwa anajilia zake.

"Mti wenyewe mzima, mama," Laurian, bwana shamba aliyehamishwa kutoka Bukoba, alikuwa amemwambia. "Huyu ni mtoto wa nondo, anaishi ndani ya jani. Kwanyua yote, choma. Mvua ikinyesha yanarudi mapya."

Alitii, maana mibuni ile ndiyo ilikuwa uhai wake. Waitara, mumewe, alikufa bila mtoto wa kiume, na wazee wa ukoo pale Nyarero wakaamua: mjane akae shambani maadamu mibuni ya mumewe iko hai. Ikifa, shamba ni la shemeji yake, Simioni. Simioni alikuwa na ng'ombe wengi na subira fupi.

Asubuhi iliyofuata, moshi wa majani haujaisha, Simioni akaleta wazee.

"Shikamooni," Waisiko aliwaamkia.

"Marahaba. Mbona miti iko uchi?"

"Ni maagizo ya bwana shamba. Iko hai, baba. Kwaruzeni gome muone ubichi."

Hakuna aliyekwaruza.

"Mti hai una majani," mzee mmoja alisema. "Hilo nalo linataka elimu?"

"Basi mwiteni Laurian!"

Laurian alifika amepakiwa kwenye pikipiki ya Simioni.

"Waambie ulichoniagiza," Waisiko alimsihi.

Laurian aliangalia viatu vyake. "Mimi nilishauri kwa ujumla tu, mama. Mambo ya ukoo siyaingilii. Mimi mgeni hapa."

Mgeni! Juzi tu alikula ugali wake akaomba na mboga ya kuongeza. Wazee wakakata shauri kwamba mibuni imekufa. Kufikia saa sita ng'ombe wa Simioni walikuwa wanang'oa mibuni kwa minyororo.

Mvua ilinyesha wiki ile ile. Waisiko sasa alilala jikoni kwa Simioni, akimpikia.

"Kuni si zile pale, shemeji," Simioni alimwambia. "Chukua tu. Mimi si mtu mbaya."

Waisiko akaenda kwenye lundo. Mibuni ililala mizizi juu, na kwenye kila shina vimechomoza vijani viwili viwili, vibichi, havina doa hata moja. Waisiko alivishika kimoja kimoja. Kisha akaita jina la mumewe, akakanyaga shina, akalivunja. Maji ya ugali yalikuwa yameshaanza kuchemka.