Figo ya Kabati

Kikao cha ukoo kilipoitishwa kumtafutia figo mdogo wake wa mwisho, Kabati alifunga saluni mchana kweupe. Mteja mmoja akaondoka na kichwa nusu kimesukwa, analalamika njia nzima. Jina la Kabati alipewa humohumo ndani ya ukoo, kwa ajili ya nyonga zake pana, nao walimwita hivyo hata mbele ya wageni, bila haya.

Kitindamimba alikuwa amejilaza kwenye kochi la shangazi, miguu imevimba. Mashine ya kusafisha damu ilikuwa imemchosha, na kila mtu alijua kwamba bila figo ya ndugu hana safari ndefu.

"Atatoa kaka mkubwa," shangazi akakata shauri. "Mwanamume mwenye afya yake. Mtazameni!"

Wakamtazama. Miguu myembamba kama ya korongo, na juu yake kitambi kigumu kilichomtangulia kila mlango alioingia. Kwa ukoo ule, hicho kilikuwa kitambi cha heshima: duka la mabati linakwenda, na nyumbani kunapikwa.

"Na mimi nitapima," Kabati akasema.

Sebule nzima ikaangua kicheko.

"Wewe?" binamu akadakia. "Si watachimba mafuta kutwa nzima ndipo waione hiyo figo!"

"Mwanangu, jipunguze kwanza," shangazi akasema, anajifuta machozi ya kicheko. "Mgonjwa atampaje mgonjwa?"

Nani alimwambia shangazi kwamba Kabati ni mgonjwa? Kutwa nzima anasimama akisuka, na jioni anapanda ngazi mpaka ghorofani kwake. Lakini hata Kitindamimba alikuwa ametabasamu, na hilo ndilo lililomchoma. Hata hivyo akaenda kupima.

Siku ya majibu yeye na kaka mkubwa walikaa bega kwa bega. Daktari, mama wa makamo, akauliza kama wangependa kila mmoja aingie peke yake.

"Sema tu, daktari," kaka mkubwa akasema. "Damu moja hii, hatuna siri."

"Haya. Wewe huwezi kutoa. Una kisukari, presha iko juu, na ini limejaa mafuta."

"Mimi? Na huyu ananizidi kilo tele!"

"Mizani haijui mafuta yamekaa wapi. Yako yamejazana ndani ya tumbo, yamezingira ini na utumbo, na huko ndiko yanakovuruga sukari. Ya dada yako mengi yako chini ya ngozi, nyongani na mapajani. Huko hayana fujo sana." Akamgeukia Kabati. "Na wewe usipige vigelegele. Si kila mnene ana bahati hii, na bahati yenyewe huweza kugeuka. Utapungua kidogo kabla ya upasuaji. Lakini vipimo vyako ni safi, na unalingana na mdogo wako."

Jumapili nyumba ya shangazi ikafurika. Kabati alikumbatiwa mpaka akakosa pumzi. Lakini aliponyoosha mkono kwenye sinia, shangazi akalivuta.

"Wee, taratibu! Hiyo figo sasa si yako peke yako."

Akampakulia kijiko kimoja cha wali. Kisha akamrundikia kaka mkubwa kilima, na minofu yenye mafuta juu yake. "Kula, baba, umekonda kwa mawazo. Hospitali yenyewe ile, nani anaiamini!"

Kabati akasukuma sahani yake.

"Shangazi, figo ninazo mbili. Moja ya mdogo wangu, na sijabadili neno. Sasa sukari ikiziharibu figo za huyu bwana mkubwa, mtakuja kwangu tena? Nitoe na ya pili?"

"Usimvunjie kaka yako heshima!"

"Heshima ipi? Hiyo mnayomshindilia tumboni? Tangu utotoni mnahesabu matonge yangu. Leo mgonjwa mmeonyeshwa kwa kidole, na bado mnahesabu yangu!"

Kitindamimba akajiinua kwa shida, akaiburuta sahani ya kaka yake mpaka upande wake wa meza.

"Kaka, mimi najua ile mashine ilivyo. Usinifuate kule."

Kaka mkubwa alibaki na kijiko hewani. Akakiweka chini polepole, asimtazame shangazi.

"Daktari alisema nirudi lini?" akamuuliza Kabati.

"Ulitakiwa juzi," Kabati akamjibu, hasira bado haijamtoka. "Kesho nakupitia asubuhi, na usinichelewe."