Kadi ya Loku

Sipendi kuulizwa mambo ya kompyuta kwa simu, lakini siku ile nilijibu. Loku alikuwa Arua, dukani, ameshika kadi ya grafiki.

"Fundi Shafiki, hii itaingia kwenye mazabodi yangu?"

Kompyuta yake sikuwahi kuifungua nikaona mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani. Nilikuwa nakula.

"Itaingia," nikasema. "Nunua."

Akiwa njiani kurudi Koboko, lori liligonga boda aliyopanda. Akafa hapo hapo.

Baada ya matanga mama yake, Margarita, aliniletea kompyuta, na kadi ikiwa bado kwenye boksi.

"Weka," alisema. "Mtoto yangu alingoja hii sana."

Nilifungua. Mazabodi ilikuwa ya zamani, nafasi yake ya kadi ya aina nyingine kabisa. Nilisukuma kama mjinga, kadi ikakataa. Margarita alipogeuka kufuta machozi, niliitia kadi kwenye droo, nikafunga kompyuta, nikaiwasha vile vile ilivyokuwa. Picha ya Loku ikatokea kwenye kioo.

"Kumbe iko sawa," alisema. "Hakuenda Arua bure."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Aliniambia kwa simu kutoka dukani, ni wewe ulimshauri, fundi. Mungu akubariki."