Pini za Gauni la Chiriku

Kwetu Jumapili mtu akimaliza kula haondoki mezani mpaka Chiriku apatikane. Hapatikani, lakini hatuondoki. Chai inamiminwa, mume wangu analegeza mkanda, wifi yangu anavuta kiti karibu na redio, na mmoja wetu lazima aseme, "Hivi jamani, yule binti alikwenda wapi?" Basi, hapo tumefika.

Chiriku alikuwa yaya wetu. Kwao walimpa jina zuri tu, ila mimi nilimwita hivyo tangu siku ya kwanza, maana aliingia akiongea na mpaka jioni alikuwa hajameza mate. Alikuwa binti mdogo, hata umri wa kupiga kura hajaufikia. Alimlea binti yangu wa pekee, Kifungo, ambaye naye jina alilipata kwa kumeza kifungo cha koti la mteja wangu akiwa bado anatambaa. Kifungo chenyewe kilirudi, msiniulize kwa njia gani. Nilikiosha nikakishona, na mteja mpaka leo hajui.

Mimi ni fundi cherehani. Alasiri moja ya mvua, Kifungo akiwa na miaka mitano, nilitoka kupeleka sare za shule kwa mteja. Niliporudi nilikuta geti limefungwa, ufunguo uko chini ya chungu cha maua mahali pake, na mwanangu ameketi kizingitini peke yake, kimya. Chiriku hayupo. Nguo zake zote zipo, viatu vyake vya kutokea havipo. Tulimtafuta mpaka miguu ikavimba: madukani, hospitalini, polisi, kwao. Mama yake alikuja akakaa nasi, tukalia naye, na mpaka leo tunapigiana simu. Yeye hajui, na sisi hatujui.

Sasa tangu hapo kila mtu ana lake. Mume wangu ni fundi kufuli, kwake yeye dunia nzima ni mlango. "Mtu anayekimbia hafungi geti," husema, huku amenyoosha kidole kana kwamba yuko mahakamani. "Wala haweki ufunguo mahali pake. Huyu alitoka kidogo tu, akarudi... yaani alitaka kurudi. Njiani akakutana na yule dereva wa lori la saruji aliyekuwa akimchekea. Leo ana watoto sita na anaona haya kuja."

"Lori gani wewe!" wifi humkatiza. Huyu ni dada yake, muuguzi mstaafu, sindano amechoma watu wengi lakini masikio yake sasa yamebaki ya kukisia. "Yule alikwenda kuimba. Sauti ile ingefulia nguo mpaka lini?" Na hapo hapo mwanamke yeyote akiimba redioni, wifi anainua mkono tunyamaze. "Ndiye huyo! Sikilizeni anavyovuta pumzi." Siku moja alitutolea Chiriku kwenye kwaya ya wanaume watupu.

Kuna nadharia moja tu isiyosemwa. Wifi aliwahi kuianza zamani, eti yeye hospitalini ameona mengi, nikamwambia ukimaliza sentensi hiyo usimalize chai yangu. Nyumbani kwangu Chiriku yuko hai. Mimi nina mdomo, sikatai, na siku ile niliutumia wote.

Ya kwangu mimi ni hii: alinikasirikia. Asubuhi ya siku ile nilikuwa nampima gauni, zawadi yangu kwake, kitambaa cha maua ya njano. Mbavuni nilikwisha kushona, kiuno na upindo nimevishika kwa pini. Yeye akataka kiuno kibane. Nikamwambia, "Utapumulia wapi, mgongoni?" Nikaweka pini ninavyotaka mimi, kipana, cha heshima. Basi jioni ile, katika kuhangaika, nililiona gauni liko kitini na pini zote zimetolewa. Hata moja haijabaki. Ukiwa fundi hilo huhitaji kufasiriwa. Mteja asiyetaka kipimo chako hasemi, anatoa pini. Nilielewa kwamba amelikataa gauni langu, na mimi pamoja nalo. Iliniuma, na inaniuma bado, maana nilimpenda yule mtoto. Gauni sikulimalizia wala sikumpa mtu. Nguo iliyokatwa kwa mwili wa mtu haivalishwi mwingine.

Nikifika hapo kwenye pini, Kifungo huinuka kuosha vyombo. Miaka yote ni hivyo. Nilidhani ni uvivu wa kusikiliza hadithi ile ile. Nikajisemea, afadhali uvivu unaoosha vyombo.

Kifungo sasa ni mtu mzima, fundi umeme, anavuta nyaya kwenye majengo marefu na anaipenda kazi yake kuliko anavyopenda kula. Alikuja kwetu kujifungua, kwa kuwa mume wake kazi yake ni ya safari, akanizalia mume wangu mdogo: mjukuu mwenye mashavu, mwenye hasira zangu kabisa. Likizo ya uzazi ikaisha. Bosi wake alikuwa ameshasema, asipoonekana Jumatatu, nafasi anapewa mwingine. Alihitaji yaya. Mimi cherehani inanishika na goti linanisaliti, na babu yake tuliwahi kumwachia mtoto mara moja, tukakuta babu amelala, mtoto yuko macho anamtazama.

Tukamletea yaya. Akamrudisha. Tukamletea mwingine, mama wa makamo, akasema hapana. Jumapili hiyo, kesho yake ndiyo Jumatatu yenyewe, akaja wa tatu, binti msafi, mchangamfu, mtoto akatulia mikononi mwake kama anayemfahamu. Nikasema moyoni, haya, tumepona. Kifungo akamwambia yule binti kwa upole, "Samahani mdogo wangu, rudi tu nyumbani."

Binti alipofika getini nikamwomba asubiri kidogo kwenye benchi la nje. Kisha nikageuka. Lo! Nililipuka.

"Unataka malaika? Hakuna! Malaika hawafui nepi! Kazi unaipoteza kesho, unaona hivi hivi, na huyu mtoto wako haliwi na mtu! Unaogopa nini?"

Mume wangu akaweka kikombe chini. Wifi akazima redio, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Nyote mnadhani namwogopea mtoto," Kifungo akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya zamani. "Mimi namwogopea yaya. Sitaki mtoto wa watu apotee mkononi mwangu tena."

"Tena?" baba yake akauliza. "Tena vipi?"

Hapo ndipo akatuambia jambo alilolibeba tangu ana miaka mitano, akiwa amemkumbatia mwanawe kifuani na kumtazama utosini ili asitutazame sisi. Siku ile ya mvua walikuwa wakicheza kujificha. Yeye akaingia kwenye kasha langu la vitambaa vya mabaki, kule chumba cha cherehani, akajizika humo. Akamsikia Chiriku akimwita, kwanza kwa kucheka, halafu si kwa kucheka. Akaziba mdomo. Alikuwa anashinda, mtoto yupi anatoka akiwa anashinda? Usingizi ukampitia. Alipoamka, nyumba kimya.

"Akatoka kunitafuta, mama. Akavaa viatu akaenda kunitafuta barabarani na mvua ile, akapotelea huko. Na mimi nilikuwa ndani, namsikia. Kila Jumapili mnapiga stori za lori na redio, mnacheka, na mimi nilikuwa najua. Nikaamka, nikajifunua, nikatoka, nikakaa mlangoni nimsubiri nimwambie nimeshinda."

Wifi alikuwa analia waziwazi. Mimi, Mungu anisamehe, badala ya kumkumbatia mwanangu, nilikuwa nimekwama kwenye neno moja.

"Umejifunua nini?"

"Mama..."

"Kifungo, nijibu. Umesema ulijifunua. Ulijifunua nini?"

Akafikiri. "Gauni lake. Lile la maua. Nilikuwa nimefunikwa nalo mpaka shingoni. Nikaliweka kitini, si ulikuwa unatugombeza tukiburuza nguo za watu sakafuni?"

"Ulijifunika mwenyewe ulipokuwa unajificha?"

"Hapana. Nilikuwa na vitambaa tu. Hilo gauni sikuruhusiwa hata kuligusa, nililililia asubuhi nzima nikitaka liwe langu."

Nikakaa.

"Na pini?"

"Pini gani?"

Ala! Pini gani, mtoto huyu. Si aliondoka kuosha vyombo kila nilipofika kwenye pini! Nikamwambia, sasa kwa sauti isiyokuwa yangu, kwamba gauni lile asubuhi lilikuwa na pini kiuno kizima na upindo wote, na mtoto angefunikwa nalo hivyo angeamka anachuruzika damu. Nikamwuliza kama alichomwa popote. Akatikisa kichwa. Nikamwambia pini zile nilizikuta zote kwenye mto wangu wa pini, na mto wa pini ulikuwa juu ya kabati, kule ambako hata mimi nilipanda kiti, na tuliuweka huko kwa sababu ya mtu mmoja katika nyumba hii aliyekuwa anameza vitu.

Mume wangu ndiye aliyeelewa wa kwanza, nampa haki yake. "Alikukuta," akasema.

"Alikukuta," nikarudia. "Alikukuta umelala kwenye kasha, mwanangu. Hakwenda kukutafuta popote. Alikuona, hakutaka kukuamsha, akaona baridi, akachukua kile ulicholilia asubuhi. Akatoa pini, moja moja, asikuchome. Akazipandisha juu usije ukazimeza. Ndipo akavaa viatu vyake. Popote alipokwenda, alikwenda akijua wewe uko salama ndani."

Kifungo alinitazama kama mtu aliyeamshwa ghafla. Halafu akalia, si kile kilio cha mtu mzima cha kuuma midomo, bali cha miaka mitano, na mwanawe akaona asipitwe, akalia naye. Nikawakumbatia wote wawili. Nikalia na mimi, kwa sababu nami nilikuwa na langu: hakulikataa gauni langu. Miaka yote nimemnunia mtoto aliyekuwa akitoa pini kwa mapenzi.

Hatukujua zaidi ya hapo, na sitawadanganya kwamba tumejua. Alikwenda wapi, nani alimzuia asirudi, hilo bado linakaa nasi mezani. Nilimpigia simu mama yake jioni ile ile nikamweleza habari ya pini. Akasema, "Ndivyo alivyokuwa na wadogo zake." Akaniomba nimwambie tena tangu mwanzo, nikamwambia.

Lakini nimeruka. Yule binti wa benchi tulimsahau. Wifi ndiye aliyemkumbuka, tukamkuta bado ameketi, amesikia kilio chote, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Kifungo alimwendea mwenyewe, pua imevimba.

"Unaweza kuanza kesho?"

"Naweza, dada."

"Sharti moja. Ukitoka, hata dukani, hata ukikasirika, aga. Useme unakwenda wapi."

"Nitaaga, dada."

Jumatatu Kifungo alivaa buti zake, akambusu mwanawe, akafika getini akarudi, akambusu tena, akafika getini. Baba yake akamwambia geti analijua yeye, halimwumi mtu, aende. Akaenda. Nilimsikia akipiga mluzi mpaka kona.

Mimi nikashusha gauni la maua ya njano, nikapanda kiti, nikachukua mto wa pini. Nimekibana kiuno kama alivyotaka mwenyewe, hata kama atakosa pa kupumulia. Ndani nimeacha mshono mpana, maana wakati umepita na huenda amenenepa. Wifi alikuwa jikoni na redio yake, mwanamke fulani akawa anaimba, sauti nyembamba, ya haraka, kama mtu asiyetaka kumeza mate.

"Wifi," nikamwita. "Hebu ongeza sauti."