Ukoo wa Semesa Wapata Jumba la Ufukweni

Alhamisi hiyo, muda mfupi kabla ya chai, Akanisi alimaliza kumpoza kwa simu mama mmoja wa Sydney ambaye watoto wake wote walikuwa wameamka na tetekuwanga. Familia ya Whitcombe isingekuja tena kisiwani Nukusere. Jumba lao la ufukweni, lile kubwa lenye bwawa lake na mpishi wake, lilikuwa limeshalipiwa, na pesa ya Nukusere ikishaingia hairudi. Yule mama alikuwa na moyo mzuri kuliko wengi wanaolala pale. "Basi mpe mtu mwingine, mpenzi," alisema. "Vitanda vizuri vile visikae bure." Akanisi alimshukuru, akaweka simu chini, akaanza kumenya yai lake la kuchemsha.

Ndipo babu yake Semesa alipoingia, ameloa chapachapa.

Babu Semesa alifariki Akanisi akiwa darasa la tatu, akazikwa palepale Nukusere, mbele ya mlango wa nyumba yake. Mwaka uliofuata hoteli ilikuja. Nyumba zikabomolewa, wenye kisiwa wakahamishiwa ng'ambo, na juu ya kifua cha babu kikawekwa kitanda cha kuotea jua. Tangu hapo alikuwa akionekana mara mojamoja jioni kwenye maji mafupi, akitembea na kutia mikono mgongoni. Ofisini Nadi, mji wa ng'ambo ambako Akanisi hupokea simu za hoteli, hakuwahi kufika, kwa sababu ofisi iko ghorofa ya tatu.

"Umepandaje, Babu?"

"Kwa ngazi. Kile chumba chenu cha chuma kimekataa kwenda. Kinasema hakuna mtu ndani."

Akanisi alitandika gazeti chini ya miguu yake ili zulia lisiharibike, akamgawia nusu ya yai. Babu alilila, akajifuta midomo, akasema kwamba anataka likizo.

"Likizo ya nini, Babu? Wewe si unakaa kulekule?"

"Nakaa chini. Miaka yote hii nasikia watoto wa watu wanarukaruka juu yangu na kucheka. Wametoka mbali, wamepanda ndege, wamekuja kulala pale nilipolala mimi. Halafu siku ya kuondoka wanalia, mpaka wanaume wazima. Mimi niko pale kila siku, mbona silii? Kuna kitu wanapewa huko juu ambacho sisi hatupewi."

"Unataka lini?"

"Kesho. Na ukoo mzima. Na iwe nyumba nzuri kuliko zote, maana shangazi za mama yako wakipewa ya uani nitasikia maneno mpaka kiama."

Hivyo ndivyo wanavyosema wateja wote wa dakika za mwisho, na Akanisi alikuwa amezoea. Alifungua mashine, akaanza kumuuliza yale yanayoulizwa.

"Mito ya manyoya au ya sponji?"

"Mimi nimelalia jiwe miaka yote hii."

"Nitaandika sponji. Kuna chakula kinachowadhuru?"

Babu alifikiri. "Vika, shangazi ya mama yako, alikufa kwa samaki mwenye sumu. Lakini sasa naona ameshazoea."

"Mnaadhimisha jambo lolote? Arusi, siku ya kuzaliwa?"

"Andika tunafurahi tu."

Mkubwa wa hoteli, Darren, alipigiwa simu kisiwani. Alikuwa mtu wa Queensland, mwekundu wa shingo, mchapakazi, na hakuna kilichomnyima usingizi kama jumba tupu. Aliuliza kama wageni hao wanakula, akaambiwa wanakula sana. Akauliza kama wana mtoto mdogo. Akanisi akasema yupo mmoja, aliyekufa kwa surua. "Basi wawekee kitanda cha mtoto," alisema Darren. "Na usihangaike kubadilisha jina kwenye mashine, inakataa ikibaki siku moja. Waandike hivyohivyo akina Whitcombe."

Katika mpango wa akina Whitcombe kulikuwa na nafasi ya yaya. Akanisi aliitazama nafasi hiyo mpaka chai ikapoa, akamwandika mama yake.

Mama yake, Losalini, alizaliwa Nukusere, na tangu kuhamishwa hajawahi kulala huko hata usiku mmoja. Ndugu wa wafanyakazi hawaruhusiwi kulala. Aliruhusiwa kushukia gati la jikoni na magunia yake ya mihogo, akabidhi, arudi na boti ileile. Nyonga zilikuwa zimeanza kumsaliti, na alikuwa na ombi moja tu duniani: siku yake ikifika alazwe pembeni ya baba yake. Alilipeleka kila mwaka, na kila mwaka alijibiwa kwa upole kwamba makaburi ya zamani yanaheshimiwa ila mapya hayamo kwenye mkataba. Hakukata tamaa. "Mradi Baba yuko pale, pale ni kwetu," alimwambia Akanisi. "Siku yangu mtanipenyeza tu, hata kwa gunia la mihogo."

Alipoelezwa kwamba atakwenda kama yaya wa baba yake mzazi, alicheka mpaka akashika mbavu, halafu akaenda kupiga pasi gauni la kanisani.

Kesho yake marehemu walitoka majini upande wa bandari, kwa sababu mgeni wa Nukusere lazima afike kwa boti ya hoteli. Walivaa nguo walizozikwa nazo na kila mmoja alibeba mkeka wake umekunjwa. Mtu wa mizigo aliwafungia vitambulisho vya Whitcombe mikononi. Akanisi na mama yake walipanda nao, na Shangazi Vika alikaa mbele kabisa, karibu na dereva, akimwelekeza njia.

Kwenye gati kuu, wafanyakazi waliwapokea kwa magitaa, maua na madafu. Wengi wao walikuwa wajukuu na vitukuu wa wageni hao, na waliimba kama wanavyoimba siku zote, ila sauti ya nne ilikaa vizuri zaidi. "Karibu, Bwana Whitcombe," walimwambia Babu Semesa. Losalini alipita nyuma kabisa, amembeba yule mtoto wa surua, ambaye kwa ukoo ni mdogo wa babu yake. Hakuwahi kukanyaga gati lile.

Sasa, watu wa kule wana jambo lao, na hata hoteli haikuweza kulifuta, ila ililitia kwenye ratiba kati ya dafu na chakula cha mchana. Anayeingia kwa watu hubeba mzigo wa mizizi ya yaqona, ile inayopondwa ikawa kinywaji cha kutia ganzi mdomo. Hukaa chini, huuweka mbele, hupiga makofi ya kiganja, hutaja atokako na kuomba aingie. Anayeupokea ndiye mwenye mahali, na yaqona ikishanywewa neno limekwisha, halina kurudi. Wageni wa Sydney huununua mzigo huo kwenye duka la kofia. Anayepokea ni mzee Isireli, mtunza bustani, mtu wa damu ya kisiwa. Kwa hiyo miaka yote hiyo kila mtalii aliyelala Nukusere, bila kujua, alikuwa ameomba ruhusa kwa wenyewe, na wenyewe walikuwa wamemkubalia. Akanisi hakuwahi kulifikiria sana jambo hilo. Lilimjia siku hiyo tu, alipoona mzee Isireli hayupo.

Mzee Isireli alikuwa Suva kupasuliwa jicho. Aliyekaa mkekani kwenye nafasi yake, na shati la maua na sketi ya majani, alikuwa Darren. Maneno alikuwa ameyakariri kwa kusikia, na ni haki kusema aliyajua vizuri.

Babu Semesa hakununua mzigo dukani. Alikuja na wake, alioung'oa mwenyewe karibu na kichwa chake, mizizi minene yenye udongo mweusi wa pale. Alipiga goti kabla Akanisi hajafika karibu. Wazee wa namna hiyo adabu zao huanza kazi kabla ya akili. Aliuweka mzigo mbele ya Darren, akapiga makofi, akataja jina la ukoo wake na jina la kilima cha nyumba yake, akaomba kwa unyenyekevu yeye na watu wake waruhusiwe kuingia.

Darren aliugusa mzigo, akapiga makofi, akasema umepokewa.

Kisiwa kilijigeuza kidogo, kama mtu anayetafuta upande mzuri wa kulala. Glasi ziligongana kwenye baa na boti zikavuta kamba zao. Mhudumu wa baa alizisogeza glasi mbali na ukingo. Darren alikunywa kifuu chake kwa mkupuo mmoja, akajilamba midomo iliyokufa ganzi, akatabasamu.

Losalini alimfikia baba yake akiwa bado amekaa mkekani.

"Baba, umefanya nini?"

"Nimefanya nini? Ulitaka niingie kwa mtu mikono mitupu?"

"Kwa mtu?"

"Kwa mtu," alisema Babu Semesa. Halafu akatazama mikono yake, ile iliyokabidhi mzigo.

Hakuna aliyeharibu likizo kwa ajili hiyo. Haikuwa na faida, na vilevile chakula kilikuwa tayari. Ukoo wa Semesa ulikula kamba wakubwa na nanasi la kuchoma. Wanawake waliobeba maji maisha yao yote walikaa bwawani mpaka shingoni wakishangilia kwamba maji yanajileta. Binti wa kukanda misuli aliomba radhi kwamba mikono yake inapitiliza hadi upande wa pili. Shangazi Vika akamwambia aendelee hivyohivyo, hapohapo ndipo panapouma. Mtoto wa surua alijifunza kuruka kutoka ukingoni, na aliruka siku nzima, juu ya mahali ambapo babu alikuwa akilala. Akanisi, ambaye alipewa kazi ya kuwahudumia, alicheka siku hizo kuliko alivyocheka mwaka mzima.

Losalini alilala chumba cha yaya. Kilikuwa kidogo na hakikutazama bahari, lakini kwa hesabu zake kilikuwa juu ya jiko la mama yake. Asubuhi alimwambia Akanisi kwamba amelala kama mtoto. Alisema pia kwamba usiku alitega sikio sakafuni, kama alivyokuwa akifanya zamani akitaka kuwasikia wazee wakipiga domo chini, na hakusikia kitu. Wote walikuwa juu, kwenye vitanda, na viyoyozi vinanguruma.

Siku ya mwisho ilipofika, kadi ilisukumwa chini ya mlango. Akina Whitcombe walitakiwa kuacha chumba saa nne asubuhi.

Akanisi alimwendea Darren. Alimweleza kwamba wageni hawa hawana wanakorudi, kwao ni hapa, chini. Darren alisikiliza kwa makini kabisa. Alisema anaelewa, na kwamba anawapenda sana watu wa huku, lakini mgeni ni mgeni. Mchana inaingia arusi kutoka Perth, na hata kule chini wanapanga kupitisha mabomba. Alikuwa na huzuni ya kweli usoni. Alimpa Akanisi chupa ya mafuta ya nazi ampelekee bwana Whitcombe.

Marehemu hawakubisha. Walikunja mikeka yao, wakatandika vitanda ingawa hakuna aliyewaomba, wakashuka gatini kabla ya saa. Mgeni mwema haambiwi mara mbili. Wafanyakazi waliimba wimbo wa kuaga, ule wanaouimba kila siku, na safari hii wapishi walitoka jikoni na aproni zao na hawakuweza kuumaliza.

Boti ilipoachia kamba, Babu Semesa alishika ukingo, akatazama ufuko ukisogea mbali, na akaanza kulia. Alilia kwa sauti, mabega yakitikisika.

"Kumbe," alisema. "Kumbe ndicho wanacholilia."

"Mimi nililia hapahapa, Baba," alisema Losalini. "Siku walipotuhamisha. Wewe ulikuwa chini, hukuona."

"Nilisikia."

"Basi."

Alimfuta uso kwa kitambaa cha hoteli, kwa kuwa hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, yaya.

Siku hizi ukoo wa Semesa unaishi Nadi, kwenye nyumba ya Akanisi nyuma ya uwanja wa ndege. Wanabanana. Ndege zikipita wanaziba masikio, na Jumamosi wanatazama raga na kumtukana refa. Kochi halikauki, na Losalini amechoka kulianika. Jioni moja, akimkamulia baba yake soksi, aliuliza alilokuwa amelibeba moyoni tangu gatini.

"Sasa mimi nikifa, nizikwe wapi?"

Babu Semesa alizima runinga.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Nilikuwa nimekushikia nafasi."

Baadaye Shangazi Vika alisogea kochini, akamwonyesha kwamba kati yake na ukuta panatosha mtu mwembamba. Losalini alipapima kwa macho, akasema ahsante, shangazi.

Akanisi bado anapokea simu za Nukusere. Kila shule za Australia zinapokaribia kufungwa huangalia kama kuna aliyeghairi, lakini mwaka huu watoto wa Sydney wana afya njema. Wiki iliyopita alipiga mama mmoja wa Adelaide, mwenye haraka, anataka kesho, anataka familia nzima, anataka jumba la ufukweni. Alikuwa na swali moja tu. Mume wake usingizi wake mwepesi, na alisoma mahali kwamba wageni wa zamani walikuwa wakisikia watu wakizungumza chini ya sakafu. Je, kumetulia?

"Kumetulia, mama," alisema Akanisi. "Siku hizi hakuna mtu kabisa."

Halafu akamuuliza kuhusu mito.