Mkono wa Dominika

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachiwa watu binafsi na kiwanda cha mbao cha serikali kilipofungwa, mafundi walioachwa mikono mitupu walianzisha karakana ya ushirika pale mtaa wa Chanji. Dominika aliingia kwa kuleta vifaa vya useremala vya marehemu mumewe. Vifaa walivipokea kwa shangwe. Yeye wakampa ufagio.

Wamisionari walipowaletea mashine ya kuranda, likawekwa sharti: asiyefundishwa asiiguse. Mwalimu akawa Adolfu, fundi aliyepelekwa Mbeya kujifunza. Alibandika ukutani picha za mafunzo, na kila Jumamosi akawafundisha wanachama mmoja mmoja. Zamu ya Dominika haikufika. Alijifunza kwa macho, akifagia maranda huku akizikariri zile picha.

Siku moja, mbele ya wote, akasema, "Fundi, na mimi nifundishe."

Adolfu akatabasamu. "Mbona umeshahitimu kwa ufagio? Njoo basi, mama, utufundishe sisi."

Watu wakaangua kicheko. Dominika akasogea. Akaona kinga ya visu imefunguliwa, imelazwa chini. Alipoinama kuiokota, Adolfu akaikanyaga.

"Kwenye picha ipo," Dominika akasema.

"Hiyo ya waoga. Umeogopa? Rudi kwenye maranda yako."

Hatari aliijua. Lakini alijua pia kwamba akirudi nyuma siku hiyo, haitwi tena. Akashika ubao wa mninga, akausukuma. Ukaenda vizuri, laini, hata moyo ukamchangamka. Mara ukagonga fundo, ukaruka, na mkono ukaendelea peke yake.

Alitoka hospitali vidole vitatu havipo. Mzee Felisiani, mwenyekiti, akampa pole na kumwambia kuwa ufagio sasa utamsumbua, ila kazi nyingine haikosekani. Tangu hapo, kila walipoingia wanachama wapya, Adolfu alimwita mbele.

"Inua," humwambia, naye huinua. "Mnaona? Hivi ndivyo anavyokuwa asiyemsikiliza mwalimu."

Mwaka uliofuata akaingia Rosina, mwanamke wa kwanza tangu Dominika. Dominika alimfurahia kama ndugu wa tumbo moja. Siku ya somo la Rosina, Dominika alipoitwa mbele, aliinua mkono, kisha akafungua kinywa.

"Mdogo wangu, kinga aliiondoa yeye. Aliikanyaga kwa mguu wake. Hawa wote walikuwapo."

Mzee Felisiani akakohoa. "Dominika, tumekuomba mkono. Hotuba hatukuomba."

Rosina akamtazama Adolfu, akawatazama wale wanaume waliompa nafasi, halafu akacheka. Yeye ndiye aliyeanza, wengine wakafuata.

"Inua tena," Adolfu akasema. "Wa nyuma hawajaona."

Dominika akainua. Safari hii akaushikilia kwa ule mzima, usishuke.