Kambi Isiyo na Mhubiri

Nyanchoka alifika nyumbani kwa mama yake Ijumaa mchana, juu kidogo ya soko la Ogembo, akiwa na mpango mzima kichwani. Mahema alikuwa ameshaazima, yakawekwa mjini Kisii kwa kaka yake Geoffrey. Gari lilikuwa la Geoffrey. Mahali pa kupiga kambi palikuwa pamepatikana upande wa Msambweni, kiwanja chenye miti ya mivinje karibu kabisa na bahari, kwa mwanamke aliyezoea kupokea familia zenye watoto. Hata hema la mama lilikuwa limeshapangiwa mahali pake, mbali na la Geoffrey na mkewe, maana mama mtu hawezi kulala pua na mdomo na mwanawe aliyeoa. Kilichobaki ni kumuuliza mama kama angelala na wajukuu au angelala na yeye.

Mpango huo ulikuwa wake tangu mwanzo, na watu wa nyumbani walikuwa bado wanashangaa. Nyanchoka hakuwa mtu wa kuanzisha mambo. Alikuwa mtu wa benchi la nyuma, wa kusema "sawa tu" akiulizwa chochote, na hata kazi aliyoisomea chuoni ilimfaa: maabara ya hospitali huko Nyamira, ambako watu huacha damu yao na kwenda zao bila mazungumzo marefu. Lakini mwezi wa nne alikuja nyumbani akamkuta mama yake, Bitutu, amelala usingizi akiwa ameketi jikoni, kisu mkononi, mboga za chinsaga mapajani. Alimsalimu, hakuitika. Alimtoa kile kisu mkononi, hakuamka.

Huyo ndiye mama aliyechuma majani chai alfajiri, akakamua ng'ombe, akapalilia migomba, na kila kanisa lilipopata wageni yeye ndiye aliyeitwa jikoni. Tangu siku ile Nyanchoka alijua anachokitaka. Wiki moja tu, mama akae mahali pasipo na jembe wala mgeni wa kupikiwa. Akae. Safari hiyo haikuwa na maana nyingine, na kama mama hangekwenda, basi hapakuwa na safari.

Aliposukuma geti alikuta sufuria kubwa ya kanisa imelazwa nyasini, na mwanamke ameingiza nusu ya mwili ndani yake akiisugua kwa majivu. Alikuwa Persis, rafiki wa mama na shemasi mwenzake.

"Mwenye kambi huyo amefika!" Persis alitoa kichwa. "Nilikuwa nasema, huyu mtoto mkimya hivi, kumbe Mungu anaongea naye."

"Asante, mama. Sufuria hii ni ya nini?"

"Swali gani hilo? Ni ya wahubiri. Ama wale wa Pwani hawali?"

Bitutu akatoka ndani, mkononi sare yake ya ushemasi imetundikwa kwenye henga, imepigwa pasi mpaka inang'aa. Uso wake nao uling'aa. Nyanchoka hakukumbuka lini alimwona hivyo.

"Nimemwambia mzee wa kanisa, Machogu, mwaka huu asiniweke jikoni hapa," mama akasema. "Nimemwambia binti yangu ananipeleka kupika makambi ya Pwani. Hebu fikiria! Kesho tutaitwa mbele tuombewe."

Nyanchoka alihisi mpango wote ukimshuka kutoka kichwani hadi magotini.

Sasa alielewa. Yeye na Geoffrey walikuwa wamepanga kwa simu, Kiingereza kidogo, Kiswahili kidogo, kila mtu akajua kinachosemwa. Lakini kwa mama alikuwa amepiga simu na kuongea Ekegusii, kama ilivyo nyumbani. Alimwambia kuna ekambi Pwani mwezi wa nane. Mama aliuliza swali moja tu: "Tutalala hemani?" Alipojibiwa ndiyo, akasema Mungu ni mwema, akakata simu kwa sababu ng'ombe alikuwa anangoja. Na katika Ekegusii cha Bitutu, kama cha kila Msabato wa rika lake, neno hilo lina maana moja. Ni makambi: wiki nzima ya mahubiri, kwaya kutoka kila kanisa la jirani, na nyuma ya mahema moshi wa jikoni. Tena wiki ambayo Nyanchoka alikuwa ameichagua kwa uangalifu mwingi, akitazama shule zinafungwa lini na Geoffrey anaweza kufunga duka lini, ilikuwa ile ile ya makambi ya Ogembo.

Alijitoa taratibu akaenda nyuma ya migomba, akampigia Geoffrey.

Geoffrey alicheka mpaka akakohoa. "Wachana nayo. Usimwambie kitu. Akishafika kule na kuona bahari, atazoea."

"Lete hiyo simu," ilisikika sauti ya mkewe, Aketch. "Wifi, usimsikilize huyu. Unataka mama mkwe ashuke kwenye gari na sare nyeupe, aulize mimbari iko wapi, aonyeshwe mzungu amelala kwenye mchanga na chupi?"

"Hapana."

"Basi mwambie leo. Sisi watu wa ziwani tunajua, ukimwingiza mtu majini kwa uongo, hatarudi hata kuosha miguu."

Nyanchoka alikata simu. Ingekuwa rahisi kunyamaza. Kunyamaza ndiko alikokujua kuliko kitu kingine chochote. Lakini alijiuliza mama angepumzikaje, siku ya kwanza kabisa, akishajua ameletwa kwa hila na mtoto wake mwenyewe. Hangepumzika. Angetafuta ufagio.

Persis alipoondoka, jua lilikuwa limeanza kuegemea, na mama alikuwa mbio mbio kumaliza kazi kabla Sabato haijaingia. Maji yajazwe, viatu vipakwe rangi, chakula cha kesho kiive leo. Nyanchoka alichukua ndizi na kisu, akaketi kando yake, wakamenya.

"Mama, yale si makambi."

"Yapi?"

"Ya Pwani. Nilisema kambi. Sikumaanisha makambi."

"Sasa ni nini?"

"Ni kukaa."

"Kukaa wapi?"

"Kando ya bahari. Chini ya miti."

"Tukifanya nini?"

"Tukikaa, mama."

Bitutu alimenya ndizi nzima, akachukua nyingine. "Nani anahubiri?"

"Hakuna."

"Kwaya?"

"Hakuna. Labda watoto wa Geoffrey wakiimba."

"Watu wana nyumba zao, zenye milango, na wanakwenda kulala hemani, na hakuna neno la Mungu linalohubiriwa."

"Ndiyo."

"Ni nani amewafukuza?"

Nyanchoka alicheka kabla hajajizuia, lakini mama hakucheka. Ule mng'aro ulikuwa umezimika usoni mwake, na hilo lilimchoma kuliko kama angekemewa.

"Nimeachia jiko langu," Bitutu akasema. "Persis ameshapewa. Nimeambia watu wote, mpaka yule mwenye duka la mbolea. Sasa niwaambie nini? Kwamba wiki ya makambi mimi naenda kukalia mchanga?"

"Ungependa nisogeze wiki?"

Alijisikia akiuliza, na papo hapo akajua jibu lake mwenyewe. "Hapana, mama. Sisogezi. Nikisogeza, utapika makambi yote, halafu utasema umechoka, huwezi kusafiri. Nakujua."

Mama alimtazama kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyesema.

"Haya," akasema hatimaye. "Kesho mzee Machogu atatuita. Neno ni wewe umelileta, na wewe utalisema. Mimi sitafungua mdomo. Na wakicheka, watakucheka wewe."

Jua lilizama nyuma ya vilima. Wawili hao walinawa mikono, wakaimba wimbo wa kufungua Sabato, mama sauti ya juu, binti sauti ya chini, na habari ya Pwani haikutajwa tena.

Kanisani asubuhi, mzee Machogu alifika kwenye matangazo akiwa na furaha ya mtu mwenye habari nzuri. Alikuwa mzee mpole, aliyependa kurefusha. Alieleza jinsi kazi ya Mungu ilivyo kubwa huko Pwani, jinsi dada Bitutu alivyowalisha wahubiri miaka na miaka, na jinsi sasa mkono wake ungepata kuwalisha wengine.

"Na huyu binti," akasema, "ambaye wengi wetu hatujawahi kusikia sauti yake, ndiye ameandaa yote. Njooni mbele, mama na mtoto. Binti, tusalimie."

Nyanchoka alitembea. Alifika mbele, akageuka kuwatazama watu. Mama alisimama kando yake, mkoba mikononi, midomo imefungwa kama alivyoahidi.

"Bwana asifiwe."

"Amina."

"Sabato njema. Mzee amesema tunaenda makambi. Hatuendi makambi. Kosa ni langu, si la mama. Nilimwambia kambi, na sikumweleza kwamba kambi hii haina mhubiri."

Kicheko kilianzia kwa vijana kikapanda hadi kwa wazee.

"Haina mhubiri?" Persis aliuliza kutoka benchi lake, kwa sauti ambayo haikuhitaji kipaza sauti. "Ina nini, sasa?"

"Ina kivuli, mama. Ina maji. Na mpishi ni mimi."

"Wewe? Uwii! Bitutu, beba unga wako!"

Kanisa lilicheka kwa nguvu, na Nyanchoka akasubiri. Aligundua kwamba kusubiri hakukuwa kugumu. Walikuwa watu waliomjua tangu anafungwa mgongoni. Hakuna aliyemtakia mabaya. Walipotulia akaendelea, bila kuinua sauti.

"Naomba kuuliza. Ni nani hapa amewahi kumwona mama yangu ndani ya hema la makambi, ameketi, anasikiliza mahubiri?"

Watu walitazamana. Mzee Machogu alianza kuinua mkono, akakumbuka kitu, akaushusha.

"Mimi sijawahi kumwona," Nyanchoka akasema. "Nimemtafuta sana nikiwa mtoto, na nilimkuta nyuma tu, kwenye moshi. Silaumu mtu. Anapenda kazi hiyo na anaifanya vizuri. Lakini naomba mumpe wiki moja. Mumwambie aende, tena kwa roho safi, kwa sababu msipomwambia nyinyi, hataenda."

Alikuwa amesema yote aliyokuwa nayo.

Mzee Machogu alitoa miwani, akaipangusa kwa tai. "Dada Bitutu," akasema, "unasemaje?"

Bitutu alihamisha mkoba kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Nyanchoka hakuthubutu kumtazama.

"Nilisema sitasema kitu," mama akaanza. "Lakini mzee, mahubiri ya mwaka jana, yale ya siku ya mwisho ambayo watu walilia, yalihusu nini?"

"Mwana mpotevu," mzee akajibu.

"Aha. Basi leo ndiyo nimejua. Mimi nilijua tu yamekwisha, kwa sababu watu walianza kuja na sahani."

Hakuna aliyecheka upesi. Ndipo Persis akasimama, akatengeneza kitambaa chake kichwani.

"Mzee, huyu aende. Jiko ninalo mimi. Na nikiunguza wali, msimpigie simu. Nitasema nimeunguza, mtakula."

"Amina!" vijana wakajibu kwa pamoja, na wazee wakafuata. Mzee Machogu akaomba, akawaombea waendao kambi na waendao makambi. Mara moja tu aliwachanganya, akajirekebisha.

Baada ya ibada wanawake walimzunguka Bitutu uani. Wengine walitaka kujua kama bahari huingia hemani usiku. Mmoja alidai chumvi ya huko ni ya bure, unachota tu. Nyanchoka alisimama pembeni na kusikiliza, akajibu alipoulizwa, na kila alichojibu mama alikipima kwa macho bila kukipinga.

Persis aliwapitia katikati, akamshika mama mkono.

"Kabla hujanitoroka. Siku ya wageni kutoka Nyamira, wale wengi. Unaanza na maharagwe au unaanza na ndizi? Na kuni unawasha ngapi?"

Bitutu alifungua mdomo. Nyanchoka aliona jibu lote likija, maharagwe na kuni na kipimo cha chumvi, na vidole vya mama vikaanza kuhesabu vyenyewe. Kisha vidole vikatulia.

"Utaona mwenyewe, Persis," mama akasema. "Una akili nzuri."

Akaugeukia mteremko wa kwenda nyumbani. Hakuwa na haraka, na Nyanchoka akapunguza hatua zake wakaenda sambamba. Walikuwa wamefika kwenye mashamba ya chai wakati mama aliposimama, akatazama vilima vilivyofuatana hadi mbali, kama mtu anayejaribu kitu kabla ya kukinunua.

"Hiyo bahari," akauliza, "mtu hukaa akiangalia upande gani?"

"Upande wowote, mama. Ule unaoutaka."