Jina Lililochukuliwa kwa Kibali

Jumanne, saa mbili na dakika kumi asubuhi, karani wa masjala alikuwa amekwisha fungua madirisha mawili kati ya matatu, la tatu likiwa limekwama tangu lipakwe rangi. Alikuwa amemimina chai kwenye kifuniko cha chupa, na sasa alikuwa akikwangua wino uliogandana kwenye muhuri kwa ncha ya kibanio cha karatasi. Muhuri huo ulipiga neno moja, IMEIDHINISHWA, na tarehe chini yake. Alikuwa ameubonyeza kwa miaka kumi na tisa, hata wenzake wakaacha kumwita kwa jina, wakamwita Muhuri. Mwanzoni ulikuwa mzaha. Siku hizi hata mkewe akipiga simu ofisini humwulizia Muhuri.

Ilikuwa ofisi ya vibali vya utafiti. Yeyote aliyetaka kwenda kuwauliza watu maswali kwa ajili ya shahada au kitabu, sharti makaratasi yake yapite pale. Kamati ikiridhika, Muhuri hugonga. Utafiti ukiisha, majibu ya watu hurudi yakiwa ndani ya maboksi, yakakaa masjala miaka kumi, kisha yakachanwa.

Jambo lililosemwa kwenye utafiti wenye kibali lilimtoka msemaji. Hilo lilijulikana. Ukiulizwa bila muhuri, unajibu na unabaki na chako. Ukiulizwa kwa muhuri, jibu huondoka na karatasi, nawe ukabaki na nafasi yake, kama ukutani palipoondolewa picha. Halikuwa kila jibu. Mara nyingi lilikuwa moja tu, lile ulilolisema polepole kuliko yote. Ndiyo maana masjala ilikuwa nzito. Mhandisi aliwahi kuja kupima sakafu akashauri makabati yasogezwe pembeni. Mhudumu wa usafi naye alizoea kuanika vitambaa vyake juu ya maboksi ya utafiti wa uzazi, kwa kuwa yalikuwa na joto.

"Hodi hapa."

Aliyeingia alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, futi ya kupimia ikiwa imening'inia shingoni, vipande vya uzi vimemganda mikononi. Alikuwa fundi cherehani, na ilionekana ameondoka kazini bila kujiangalia.

"Karibu mama. Shikamoo."

"Marahaba, baba. Nimeambiwa nije hapa."

Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nane. Ilikuwa fomu ya ridhaa ya miaka kumi iliyopita. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, palikuwa na sentensi isemayo kwamba mshiriki mwenye swali au lalamiko lolote awasiliane na ofisi hii. Muhuri aliijua sentensi ile, ilikuwa kwenye kila fomu. Katika miaka kumi na tisa hakuwahi kumwona mtu aliyeifuata.

"Una swali au lalamiko?" akauliza.

"Nimefuata jina la mwanangu."

Akamvutia kiti. Mama akaketi, akaeleza bila haraka, kama anayemweleza mteja kwa nini nguo haijawa tayari.

Alikuwa akiishi kwenye mtaa ulio nyuma ya karakana za reli. Watafiti waliupenda mtaa ule kwa sababu ulikuwa karibu na lami, na watu wake hawakuwa wakali. Walikuja wa maji, wakaja wa vyoo, wakaja wa ndoa, wakaja wa ndoto. Kuuliza si ujinga, wakasema wakazi, wakajibu. Mwaka ule alikuja kijana mpole, akauliza habari za watoto waliofariki kabla ya miaka mitano. Fundi alimsimulia yote. Binti yake wa kwanza alishikwa na kifua Ijumaa jioni. Jumamosi akambeba mgongoni hadi zahanati, akakuta kufuli. Jumapili akarudi, kufuli. Jumatatu zahanati ilipofunguliwa hakukuwa tena na haja.

"Kijana akaniuliza, mtoto aliitwa nani? Nikamwambia. Nililitaja taratibu, maana nilikuwa sijalitaja siku nyingi. Akaandika, akashukuru, akaenda zake. Nikainuka kuosha vyombo. Sijamaliza sufuria ya kwanza, nikaona silijui tena."

"Mengine yalibaki?"

"Yalibaki. Uzito wake mgongoni ninao. Gauni la njano nililomshonea ninalo. Jina ndilo lililokwenda. Nikasema si kitu, wamelichukua wakafanyie kazi, zahanati ifunguliwe Jumamosi. Wakimaliza watarudisha."

Muhuri akanywa chai yake. Ilikuwa imepoa.

"Na baba yake mtoto?"

"Alihojiwa kwenye ule wa akina baba. Mdogo wake mtoto alihojiwa shuleni. Majirani wote wameshahojiwa, baba, mtaa mzima hauna kitu. Kaburini tuliweka kibao, mchwa wakala." Akaishika futi yake kwa mikono miwili. "Sasa huyo mdogo wake amejifungua. Mtoto wa kike. Anataka ampe jina la dadake. Wiki ya tatu hii mtoto anaitwa 'wewe' tu. Kliniki wamekataa kumwandika."

Muhuri alilifungua daftari kubwa la masjala, akapitisha kidole. Mradi aliukuta. Uliidhinishwa, ulikamilika, boksi namba mia nne na sita. Kwenye safu ya mwisho palikuwa na tarehe ya kuchanwa, ambayo ilikuwa Ijumaa ya wiki hiyohiyo.

Akamwomba mama asubiri, akapanda ngazi hadi kwa mkuu wa idara. Mkuu alikuwa mwanamke aliyechoka kwa namna ya heshima, mwenye meza iliyojaa mafaili yanayosubiri kikao. Alimsikiliza Muhuri bila kuinua macho.

"Hawezi kuona majibu ya washiriki," akasema. "Ni siri."

"Ni majibu yake mwenyewe, bosi. Ni jina la mtoto wake."

"Ndiyo maana ni siri. Tulimwahidi kwamba hakuna atakayelijua." Akageuza ukurasa. "Aandike barua. Kamati inakaa mwezi wa tisa."

"Boksi linachanwa Ijumaa."

"Basi katika barua aeleze kwamba ni ya haraka."

Muhuri akashuka. Magoti yalimuuma, kama yalivyomuuma kila siku kwenye ngazi zile. Alipofika chini hakusema neno kuhusu barua. Alichukua funguo kwenye msumari, akaingia masjala, akafunga mlango nyuma yake.

Boksi mia nne na sita lilikuwa rafu ya chini. Alilivuta kwa mikono miwili likakataa, akaketi sakafuni akalivuta kwa miguu. Alipolifungua palitoka pumzi ya chumba chenye mgonjwa, mafuta ya kuchua na nguo yenye jasho. Alingoja ipungue. Halafu akaanza kupekua, mhojiwa wa kwanza, wa pili, hadi wa ishirini na saba, mwanamke, fundi cherehani, mtaa wa nyuma ya karakana.

Yote yalikuwepo. Ijumaa jioni, Jumamosi, kufuli. Palipokuwa pameandikwa "mtoto aliitwa" palifuata mstari mnene wa wino mweusi.

Akaiinua karatasi kwenye mwanga wa dirisha dogo la masjala. Wino ulikuwa umepigwa mara mbili, kwa uangalifu, bila kugusa neno la jirani. Aliutambua mkono ule. Mwaka ule kamati iliagiza majina yote yafutwe kabla maboksi hayajawekwa rafuni, na kazi akapewa yeye. Alikaa wiki nzima na kalamu nene, majina mia tatu na kumi na mawili. Mkuu wa wakati huo alimsifu kwa unadhifu. Alijaribu kukumbuka hata jina moja kati ya yale, hakuweza. Hakuwa amehojiwa na mtu juu ya hilo. Alikuwa amesahau tu, kama watu wanavyosahau.

Aliitoa karatasi ile, akaikunja, akalirudishia boksi kifuniko. Katika miaka yote hakuwahi kutoa hata kipande masjala. Alishangaa kidogo kuona mlango unafunguka kama kawaida.

"Limefutwa, mama," akasema. "Nililifuta mimi."

Fundi akaipokea karatasi, akaitandaza juu ya meza, akailainisha kwa kiganja kama kitambaa. Hakumlaumu. Akapitisha kidole gumba juu ya ule mstari mweusi, kwenda na kurudi. Kisha akaivua futi shingoni, akaiweka sawa, akainama.

"Inchi moja na robo," akasema.

"Ndiyo."

"Halikuwa jina fupi basi." Akahesabu kwa midomo. "Kuna matatu tuliyokuwa tukiyafikiria nyumbani, yote mafupi. Hayo tuyaache."

Akamwomba karatasi tupu, akamwomba Muhuri aandike herufi chache kwa ukubwa uleule wa mwandiko wa yule kijana, akazipima. Akapata herufi saba, pengine nane kama mojawapo ni nyembamba. Akaandika nane pembeni kwa kalamu ya Muhuri.

"Na walipata nini?" akauliza alipokuwa akiikunja karatasi. "Kwenye huo utafiti."

Muhuri akatafuta ripoti, akamsomea ukurasa wa mwisho. Ilisema kwamba vifo vingi vya watoto katika eneo lile hutokea mwisho wa juma, zahanati ikiwa imefungwa, na kwamba utafiti zaidi unahitajika.

"Hilo nilimwambia mimi," fundi akasema.

"Ndiyo mama."

"Bado inafungwa."

"Ndiyo."

Akaaga, akaondoka. Ijumaa mashine ya kuchana karatasi ilifanya kazi tangu asubuhi hadi saa tisa. Hakuna aliyehesabu kurasa. Magunia ya vipande yalitoka na joto, na mfuga kuku mmoja akaomba apewe, kwa kuwa alikuwa na vifaranga na umeme haukuwa wa kutegemea. Alirudi baadaye kushukuru. Alisema vifaranga wake walikuwa wanakua vizuri, ila hawakuwa wakilia.

Nyumbani kwa fundi walikaa jioni mbili, yeye na binti yake, mtoto akiwa katikati yao kitandani. Waliandika kila jina la herufi saba au nane walilowahi kulisikia, wakalipima. Mengine yalizidi, mengine yalipunguka. Moja lilienea sawasawa. Fundi alilitamka mara moja, akangoja, akalitamka tena. Hakukumbuka chochote. Lakini mtoto alikuwa ameacha kunyonya, anawaangalia, na binti yake akasema, "Mama, tumpe hilihili." Hakuna aliyejua kama ndilo. Kliniki wakaliandika.

Mwezi wa tisa kamati ilikaa. Kati ya maombi kumi na manne, moja lilihusu upotevu wa kumbukumbu kwa wakazi wa mtaa ulio nyuma ya karakana za reli. Mkuu wa idara alilisifu kwamba limekuja kwa wakati. Muhuri alilisoma lote akiwa amesimama, kisha akalisoma tena akiwa ameketi. Mkuu alikuwa ameegemea mlango, akingoja faili.

"Kuna tatizo?"

"Wameshahojiwa sana hawa, bosi."

"Ndiyo maana ni muhimu wahojiwe."

Muhuri akagonga. Tarehe ilitoka imefifia, akarudia.

Mtafiti alikuwa msichana mwenye adabu, na viatu visivyofaa kwa mtaa ule. Alikwenda Jumamosi kwa sababu Jumamosi ndiyo siku ya kuwakuta watu nyumbani. Kwenye daftari lake alichora ramani ndogo asije akapotea: karakana, kisima, zahanati yenye kufuli, nyumba ya fundi. Palikuwa na akina mama wawili wameketi kizingitini pa zahanati na watoto mapajani. Akawasalimu, wakamwitikia.

Fundi alimkaribisha, akampa kigoda, akaendelea kukanyaga cherehani. Msichana akamsomea fomu ya ridhaa hadi sentensi ya mwisho. Fundi akatia sahihi.

Aliulizwa umri, akataja wa dadake. Aliulizwa alihamia lini mtaani, akataja mwaka wa vita ambavyo havikupiganwa huko. Aliulizwa kama kuna jambo analojitahidi kulikumbuka, akasema hakuna, yeye hukumbuka kila kitu. Alijibu yote upesi, bila kupumzika kati ya neno na neno, na msichana akaandika kwa furaha, maana wengine walikuwa wakimchelewesha.

Ndani mtoto akalia. Binti wa fundi akasikika akimbembeleza, halafu akanyamaza ghafla, katikati ya neno.

"Mjukuu wako?" msichana akauliza, kalamu ikiwa juu ya karatasi. "Hongera. Anaitwa nani?"

Fundi akakata uzi kwa meno.

"Bado hatujampa," akasema.